Jiko la kuni linazima usiku wa manane: nifanyeje?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ngaramtoni, Arusha. Mwaka jana nilinunua jiko la chuma la mtumba lenye mlango wa kioo, fundi akanifungia sebuleni na kupitisha bomba juu ya bati. Natumia kuni za mkaratusi na mgrevilea ninazoletewa na gari kila mwezi. Nikiacha tundu la hewa wazi, kuni zinateketea ndani ya muda wa saa mbili. Nikilifunga, kioo kinakuwa cheusi tii, na maji meusi yenye harufu kali yanachuruzika kwenye bomba mpaka ukutani. Alfajiri nyumba ni baridi, na ndani ya jiko kuna vigogo vilivyoungua nusu. Nifanyeje moto udumu mpaka asubuhi? Au ninunue jiko kubwa zaidi?

Jibu: Shikamoo mwalimu.

Umefanya vizuri kuyataja hayo maji meusi, maana yananieleza mengi kuliko yote uliyoandika. Kuna fundi atakayekuambia ni mvua inayopenya kwenye bati. Mwambie apande aangalie. Hizo ni kuni zako mwenyewe: moshi uliopaswa kuungua ndani ya jiko na kukupa joto umepanda mzimamzima, ukakuta bomba baridi, ukageuka lami.

Kuni ikiwekwa motoni hukauka kwanza, kisha kwenye joto la nyuzi 200 hadi 300 hivi huanza kutoa gesi. Karibu robo tatu ya uzito wa kuni kavu hutoka kwa njia hiyo, na kinachobaki ni mkaa. Ule mwali wa njano unaoutazama kupitia kioo ni gesi hiyo inayoungua, nayo ili iungue yote inahitaji hewa ya kutosha pamoja na joto la nyuzi 600 hivi. Wewe unapakia kuni, unafunga hewa palepale, unakwenda kulala. Kuni imeshapata joto la makaa yaliyo chini yake, kwa hiyo inaendelea kutoa gesi, ila sasa hakuna hewa ya kuiunguza. Gesi inapanda pamoja na mvuke wa maji. Bomba la bati moja tu lililosimama nje kwenye baridi ya Julai hupoa haraka, na moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi unaanza kugeuka matone kwenye kuta za bomba. Hapo ndipo yanapotoka maji meusi, na kioo cheusi kimetokana na hayohayo.

Kwa hiyo acha kabisa kutafuta usiku mrefu kwa kulinyima jiko hewa. Moto unaodumu unatokana na kuni kavu, vipande vinene vilivyobanwa pamoja, na hewa inayopunguzwa baada ya gesi kushika moto vizuri. Kati ya hayo matatu, la kwanza ndilo linalokutesa.

Kuni zinazoletwa na gari kila mwezi haziwezi kuwa kavu. Simlaumu muuzaji wako. Hakuna mfanyabiashara atakayeacha mtaji wake ukae juani mwaka mzima huku wateja wanapiga simu. Anakata, anapasua, anapakia. Mti uliokatwa karibuni una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukiingiza kilo 10 za kuni za namna hiyo, umeingiza karibu lita tano za maji, na kabla jiko halijakupa joto la maana ni lazima lichemshe lita hizo tano mpaka zikauke kabisa. Kazi hiyo peke yake inakula nishati ya karibu kilo moja ya kuni kavu. Kilo moja bado unaweza kuivumilia. Hasara kubwa ni kwamba mvuke huo unapoza tumbo la jiko, nyuzi 600 hazifikiwi, na gesi yote inakwenda angani hata kama hewa umeiacha wazi.

Unachotaka ni kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Kuna vipima unyevu vyenye sindano mbili, na havina bei ya kutisha. Ukikipata, pasua kipande katikati kwanza, kisha choma sindano kwenye uso mpya wa ndani. Usipime ganda la nje, litakudanganya. Usipokipata, tumia mizani ya kawaida: chagua vipande vitano kutoka katikati ya rundo, viandike namba kwa kalamu ya rangi, vipime kila baada ya wiki mbili na uandike uzito. Siku uzito utakapoacha kushuka, kuni hizo zimekauka kadiri hewa ya Arusha inavyoruhusu. Njia ya haraka ni kugonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Au pasua kipande uguse shavu kwa upande wa ndani, kikiwa na ubaridi wa umande kirudishe kwenye rundo.

Mkaratusi ni kuni nzuri sana ya usiku, mzito na wenye makaa yanayodumu, lakini hukauka taratibu, na ukishakauka kuupasua ni adhabu. Pasua ungali mbichi, mara tu unaposhushwa garini. Mgrevilea ni mwepesi kuliko huo, hukauka mapema na kuungua upesi, kwa hiyo unafaa zaidi kuwashia na kwa moto wa jioni. Ukisikia mkulima wa Arumeru au wa upande wa Moshi anang'oa mibuni mizee, mpigie simu kabla jirani hajampigia: mashina ya mibuni ni madogo lakini ni mazito, na yakikauka makaa yake yanakaa. Mgunga pia ni hivyohivyo. Msonobari watu wanausingizia kwamba utomvu wake ndio unaoziba mabomba. Ukiwa mkavu hauna tatizo lolote, ila hauna makaa ya kukufikisha alfajiri.

Kupanga kuni ni kazi ya mara moja inayolipa mwaka mzima. Zipasue ziwe na unene wa sentimita 10 hadi 15, na urefu unaopungua kidogo ule wa ndani ya jiko. Ziinue kutoka ardhini juu ya mawe au mbao, ziwekee bati juu, pembeni uache wazi upepo upite. Watu wengi hapa wanazifunika kwa turubai mpaka chini, kisha wanashangaa kukuta ukungu. Maji yanataka pa kutokea. Kuni zilizopasuliwa Septemba au Oktoba, zikawekwa namna hiyo, zinapata jua la Januari na Februari, na masika ikifika zimeshapoteza maji mengi. Mgrevilea utakuwa tayari kwa kipupwe cha Juni. Mkaratusi mnene ninaupa mwaka mzima, ndiyo maana anayetumia jiko kama lako huwa na marundo mawili: la mwaka huu na la mwaka ujao.

Najua unataka kujua utafanyaje mwaka huu. Uko jirani na mashamba ya miti ya Meru, na penye miti ya kupandwa huwa pana mashine za mbao, na penye mashine pana mabanzi. Mabanzi ya msonobari ni membamba, hukauka ndani ya wiki chache za jua, na yatakupa jioni nzuri hata kama hayatafika alfajiri. Mabaki ya mbao kavu kwa seremala pia yanafaa, isipokuwa kwa jambo moja nakuomba ulishike sana: mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya ukijani, usiziingize jikoni kamwe, wala vipande vya nguzo za umeme. Nyingi kati ya hizo dawa zina arseniki, sumu ambayo hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu yetu sote tunajua yanakwenda kwenye migomba.

Kabla ya moto mwingine wowote, jiko lenyewe likaguliwe. Anza na bomba, kwa sababu lami iliyoganda ndani yake inaweza kushika moto. Utajua kwa mngurumo mkali kama lori linapita juu ya dari. Ikitokea, funga hewa yote ya jiko, toa watu nje, piga 114 kwa Zimamoto. Bomba lisafishwe kwa brashi ya waya kutoka juu hadi chini, na hiyo iwe desturi kila mwaka kabla ya baridi.

Fundi akiwa juu ya ngazi, mwonyeshe viungo vya bomba. Huenda vimefungwa kinyume. Kuna mafundi wanaokivisha kipande cha juu kwa nje kukifunika cha chini ili moshi usivuje. Kwa jiko la kuni ni kinyume chake: ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini, ili chochote kinachochuruzika kirudi ndani ya jiko kikaungue. Moshi hautavuja kwenye kiungo, kwa kuwa bomba linalovuta vizuri hunyonya hewa kwenda ndani. Hilo tu litaondoa mchirizi ukutani, ingawa lami yenyewe itaisha siku utakapoacha kuitengeneza.

Urefu wa bomba nao una maana yake huku kwetu. Ngaramtoni iko juu, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na pwani, na majiko mengi ya namna hii yalibuniwa kwa ajili ya nchi kama Norway na Denmark, ambako nyumba nyingi haziko mbali na usawa wa bahari. Bomba linavuta kwa unyonge zaidi hapa. Kutoka juu ya jiko hadi ncha ya bomba isipungue mita nne, tano ni bora, liende wima bila viwiko. Ncha ipite bati kwa karibu mita moja, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu. Sehemu iliyo nje ivishwe bomba la pili lenye pamba ya mwamba, ile isiyoungua ya kuzuia joto, katikati, ili moshi ubaki na joto mpaka utoke. Na pale bomba la bati moja linapopita karibu na dari ya mbao, weka nafasi ya sentimita 45. Kama fundi alilibana na mbao za dari, usiwashe mpaka aje arekebishe.

Sasa fungua mlango wa jiko, utazame juu ndani ya tumbo. Lazima kuwe na bamba, la chuma au la tofali la kuhimili moto, linalouzuia moto usiende moja kwa moja bombani na kuulazimisha urudi mbele kwanza. Kwenye majiko ya mtumba hili ndilo linalokosekana mara nyingi: limepinda, limepasuka, mtu amelitoa akalitupa. Bila bamba hilo, hewa ikiwa wazi joto lote linapaa, na huenda ndiyo sababu kuni zako zinateketea kwa muda wa saa mbili. Mchomeleaji yeyote wa Ngaramtoni anaweza kukata bamba la chuma la milimita 6, mradi apime nafasi iliyobaki kwa mbele isiwe finyu kuliko bomba lenyewe.

Mwisho kwenye ukaguzi ni kamba ya mlango, ile inayozunguka ukingo wake kuziba hewa. Weka noti ya shilingi elfu moja kati ya mlango na jiko, funga, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, kamba imechoka. Rudia pande zote nne, na kwenye kidroo cha majivu kama kipo. Jiko linalovuja namna hiyo linajipatia hewa lenyewe, na kile kishikio cha hewa unachokisukuma usiku ni pambo tu.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Tuseme unalala saa nne.

Washa saa kumi na mbili jioni, au pale baridi inapoanza. Panga vipande viwili au vitatu vya wastani chini, juu yake mabanzi, na juu kabisa magunzi ya mahindi na vibanzi vyembamba. Kiberiti kianzie juu, moto ushuke wenyewe. Najua umezoea kuwasha kwa chini, lakini moto ukianzia juu gesi ya kuni za chini inapanda na kupita katikati ya mwali, inaungua, na bomba linapata joto mapema. Hewa iwe wazi yote. Ikiwa moshi unarudi sebuleni, bomba limejaa hewa baridi iliyoshuka. Choma ukurasa mmoja wa gazeti karibu na mdomo wa bomba kwanza, kisha washa.

Mpaka saa tatu kasorobo utakuwa na makaa mengi mekundu, na hayo ndiyo mtaji wako. Usiyatoe majivu yote, acha tabaka la sentimita mbili au tatu, linayahifadhi makaa. Kwa fimbo ya chuma, vuta makaa yote mbele, karibu na kioo, kule hewa inakoingilia. Nyuma yake laza vipande vitatu au vinne vinene kabisa vya mkaratusi mkavu, vigusane, visiachiane nafasi. Kuni iliyoachiana huungua pande zote kwa pamoja. Iliyobanwa hushika moto upande wa mbele, na moto unairudia nyuma taratibu.

Funga mlango, hewa yote wazi, kaa hapo. Usiende kuoga. Kwa dakika 15 hadi 20 moto utakuwa mkali, na sehemu ya kuni inayoonekana itakuwa nyeusi yenye mipasuko. Ndipo upunguze hewa hadi nusu. Subiri dakika kama kumi. Mwali ukiendelea, punguza hadi robo. Unachotafuta ni mwali mvivu unaoelea karibu na bamba la juu, kwenye vile vitundu vidogo vya hewa ya pili, ile inayoingia juu kuiunguza gesi, kama jiko lako linavyo, huku kuni zenyewe zikiwa zimetulia. Miali ikipotea na ukaona moshi wa kijivu unazunguka nyuma ya kioo, umepunguza mapema. Fungua, subiri, rudia. Usifike kwenye kufunga kabisa. Kila jiko lina mahali pake pa kishikio, na ukishapajua paweke alama ya chaki.

Kisha toka nje na tochi, mulika ncha ya bomba. Ukiona hewa inatetema tu kwa joto, umefanikiwa. Ukiona wingu jeupe linalopotea karibu na bomba, huo ni mvuke, bado kuna maji kwenye kuni. Ukiona moshi wa kibluu unaoburuzika kuelekea kwa jirani, rudi ndani ufungue hewa. Mimi nauamini ukaguzi huu kuliko kipimajoto, ingawa kile cha sumaku cha kubandika kwenye bomba kinasaidia: kibaki kati ya nyuzi 120 na 250.

Nikuambie pia cha kutegemea. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kama uniti 4, zilezile unazonunua kwa Luku. Tumbo la jiko la ukubwa wa kawaida likibeba kilo 6, una uniti 24, na jiko zuri linakupa kama asilimia 70 yake, yaani karibu 17. Zigawe kwa saa nane za usiku, ni kama hita ya kilowati mbili inayowaka usiku kucha. Kwa usiku wa nyuzi 12 au 13 sebule yako inatosheka. Lakini joto hilo haliji sawasawa: mwali utadumu saa mbili au tatu, baada ya hapo ni makaa, na saa kumi na moja alfajiri utakuta jiko lenye uvuguvugu na makaa yamelala chini ya majivu. Yavute mbele, weka mabanzi mawili, fungua hewa, na ndani ya dakika chache moto umerudi bila kiberiti. Anayekuahidi mwali mpaka asubuhi kutoka jiko la ukubwa huo anakuuzia lami.

Hayo makaa ya usiku ndiyo yanayotoa kwa wingi ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, na jiko lako lina bomba, kwa hiyo mradi bomba liko wazi inatoka nje. Kama fundi aliweka kizibo cha kufunga bomba, kiache wazi usiku wote, na dirisha moja la sebuleni liwe limefunguliwa kidogo, hasa kama una madirisha ya alumini yasiyopitisha hata upepo. Weka king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Kuhusu kununua jiko kubwa zaidi, usinunue. Jiko kubwa ndani ya sebule ndogo litakupikia nyumba ndani ya nusu saa, utalazimika kulibana hewa ili usitoke jasho, na utakuwa umerudi kwenye maji meusi yaleyale kwa gharama kubwa. Fedha hiyo inunulie tripu ya mkaratusi wa mwaka kesho, mlipe kijana aupasue wiki hiyohiyo, na itakayobaki mpe fundi wa bomba. Ukishapata kuni kavu na bado alfajiri ukakuta majivu matupu, nitumie vipimo vya ndani vya jiko, urefu, upana na kina, pamoja na picha ya bamba la juu.